Ajabu Yenye Sheria: Juu ya Kudumu kwa Hadithi za Kale za Watoto

Katika mwaka 1870 Edward Steere, ambaye baadaye aliwekwa kuwa Askofu, alipiga chapa huko London kitabu cha hadithi zilizosimuliwa na wenyeji wa Unguja. Mojawapo ni ile ya maskini aliyekuwa akichakura jaani, akaokota thumuni, akanunua paa. Na paa yule akamtajirisha hata akajulikana kwa jina la Sultani Darai. Katika mwaka 1901 Andrew Lang, mwanachuoni wa Scotland, aliitwaa hadithi hiyo pamoja na nyingine za kitabu kile, akazitia katika The Violet Fairy Book, kimoja katika vitabu vyake vya ngano vilivyopewa majina ya rangi. Ndivyo paa wa Unguja alivyoingia katika vyumba vya watoto wa Kiingereza. Miaka 39 baadaye safari ya namna hiyo ilifanywa kwa kuelekea upande wa pili. Mwaka 1940 Sheldon Press ya London ilitoa Elisi katika Nchi ya Ajabu, tafsiri ya Kiswahili iliyofanywa na E. V. St. Lo Conan-Davies ya kitabu cha Lewis Carroll cha mwaka 1865. Katika picha za tafsiri hiyo Elisi amechorwa kuwa mtoto wa Kiafrika. Mwaka 2015 ikatoka tafsiri nyingine, ya Ida Hadjivayanis, kwa jina la Alisi Ndani ya Nchi ya Ajabu.

Safari hizi mbili zina swali ndani yake. Hadithi ivukapo bahari hupoteza mengi. Mchezo wa maneno hauvuki, kwa maana sauti za lugha moja si sauti za nyingine. Mavazi hubadilika, vyakula hubadilika, majina hubadilika. Hata jina la Sultani Darai lilitoka katika anwani ya hadithi ilipofika kwa Lang, likabaki jina la paa peke yake. Walakini mtoto wa London alimpenda paa bila kuijua thumuni, na mtoto wa pwani aweza kumfuata Elisi bila kuijua bustani ya Kiingereza. Kitu gani, basi, kilichovuka salama? Anayelijibu swali hilo sawasawa amekwisha kueleza kwa nini baadhi ya hadithi za ajabu za watoto hazichakai, ilhali nyingi nyingine zimekufa pamoja na kizazi kilichoziandika.

Majibu mawili hutolewa aghalabu. La kwanza ni kwamba watoto hupenda maajabu. Jibu hili lina ukweli, lakini halitoshi. Kama ajabu peke yake ingalitosha, hadithi yenye maajabu mengi zaidi ingalikuwa bora zaidi, na mtoto asingalichoka kuisikiliza. Mambo sivyo yalivyo. Ikiwa lolote laweza kutokea wakati wowote, hakuna la kuogopa wala la kutumaini. Shujaa akiwa hatarini, ndege ashuke amchukue, akiwa na njaa, meza ijiandike, akiuawa, aamke. Hadithi ya namna hiyo humchosha mtoto upesi kuliko hesabu. Kila aliyepata kuwasimulia watoto ngano jioni anajua jambo hili: msimulizi akisema jana kwamba mlango hufunguka kwa neno moja tu, na leo akaufungua kwa teke, mtoto mdogo kuliko wote atakuwa wa kwanza kumkatiza. Mtoto huyo haulizi kama milango yaweza kusikia maneno. Anauliza mbona mlango huu umevunja ahadi yake.

Jibu la pili ni kwamba hadithi hudumu kwa mafunzo yake. Jibu hili lina heshima zaidi, nalo ndilo linalotawala katika madarasa, ambako hadithi ikiisha kusomwa swali la kwanza huwa ni lile la kuuliza hadithi imefundisha nini. Lakini historia hailiungi mkono. Katika mwaka 1715 Isaac Watts alitoa mashairi ya kuwafundisha watoto wa Uingereza bidii na adabu, na katika mwaka 1799 Robert Southey alitunga shairi la mzee mwenye kumweleza kijana faida ya kuishi kwa kiasi. Mafunzo ya mashairi hayo ni safi, wala hayana kosa. Watoto wa Kiingereza wa karne ya 19 waliyahifadhi moyoni kwa amri ya wakubwa wao. Lewis Carroll akayageuza kuwa mzaha katika kitabu chake: Elisi ajaribu kuyasema kwa ghibu, na kila akifumbua kinywa hutoka maneno mengine. Leo wengi wanaoyajua mashairi yale ya adabu wanayajua kwa sababu tu Carroll aliyafanyia dhihaka. Fundisho limekufa, dhihaka yaishi. Ikiwa mafunzo ndiyo yanayoipa hadithi umri mrefu, jambo hili halielezeki.

Liko jibu la tatu. Hadithi ya ajabu ya watoto hudumu pale ambapo ajabu yake ina sheria, na sheria hiyo imewekwa wazi kiasi cha mtoto kuweza kuishika mkononi mwake na kumhukumu nayo kila mtu aliyemo, tangu mfalme hata msimulizi mwenyewe. Mtoto huishi chini ya sheria ambazo hakuzitunga. Huambiwa alale, ale, anyamaze, aamkie. Na sheria hizo, kwa jinsi azionavyo yeye, hubadilika kwa kadiri ya hasira na uchovu wa wakubwa. Lililokuwa kosa jana, leo ni mzaha. Lililochekwa asubuhi, jioni laadhibiwa. Katika hadithi nzuri ya ajabu, pengine kwa mara ya kwanza maishani mwake, hukuta nchi ambayo sheria yake inamfunga mkubwa sawasawa na mdogo. Hiyo ndiyo raha yake, na raha hiyo haitegemei lugha wala bara.

Mfano mwepesi wa jambo hili ni Five Children and It, kitabu cha E. Nesbit cha mwaka 1902. Watoto watano wa nyumba moja wachimbua mchangani kiumbe cha ajabu chenye uwezo wa kutimiza matakwa. Uwezo huo una mpaka: kila litakiwalo huisha jua lichwapo. Watoto wataka uzuri, wakaupata. Yaya wao asiwatambue, akawafungia mlango, wakashinda na njaa. Wataka dhahabu, wakaipata. Ikawa ni sarafu za zamani zisizokubalika dukani. Hapa hakuna mzee anayesimama kando kuonya juu ya tamaa. Hakuna haja naye. Sheria ya jua yafanya kazi yake, na msomaji mdogo, akiisha kuzoea mambo mawili au matatu ya namna hiyo, huanza kukisia mwenyewe ni shida gani itakayotoka katika takwa la kesho. Tangu hapo mtoto si msikilizaji tu. Amekuwa mshiriki wa hadithi, kwa maana anaijua sheria yake sawa na mwandishi.

Hadithi ya paa ni ngumu kuliko hiyo, nayo ni kubwa zaidi. Paa aliyenunuliwa kwa thumuni aokota almasi, lakini haiachi ikaliwa na bwana wake. Aipeleka kwa Sultani kuwa zawadi, akamposea bwana wake binti. Ampiga bwana wake, amlaza mtoni, akaenda kusema kwamba ameibwa njiani, ili maskini asionekane ameingia mjini kwa matambara. Kisha atafuta nyumba, amwua nyoka mwenye vichwa saba, akampa bwana wake mali ya nyoka yule. Yote hayo yakiisha, paa augua. Ampeleka kizee kwa bwana wake kumpa habari. Bwana, ambaye hana hata kanzu moja isiyotoka kwa paa, aamuru apewe uji wa mtama tu, akaona huzuni kwa ajili ya mnyama wa thumuni kuwa ni upuuzi. Mkewe amsihi, asisikie. Paa afa, akatupwa kisimani. Usiku mke aota yuko kwao, akaamka yuko kwao. Mume aota yuko jaani akichakura, akaamka yuko jaani.

Jambo la kustaajabisha katika hadithi hii ni kwamba sheria yake haitamkwi popote. Paa hakupata kusema kwamba siku atakayodharauliwa mali itaondoka. Hakuna sharti lililowekwa, hakuna mwiko uliotajwa, hakuna mzee aliyeonya. Hata hivyo mtoto anayesikiliza huijua sheria kabla bwana hajaivunja. Tangu uji ule uletwapo, mtoto hujua kwamba nyumba imekwisha kubomoka. Na ile hofu ya kungoja, mwenye makosa akila na kulala kana kwamba hakuna kitu, ndiyo nguvu ya hadithi. Mwisho ufikapo hauji kwa radi. Maskini hapigwi wala hafungwi. Ameondokewa tu na kile alichokipima kwa thumuni, akabaki na kipimo chake. Hapo mtoto amehukumu kabla ya msimulizi, na msimulizi amekuja nyuma kuithibitisha hukumu yake. Fundisho la shukrani limo, na ni zito. Lakini halikubandikwa mwishoni mithili ya kiraka. Limo ndani ya sheria, nayo sheria imo ndani ya moyo wa msikilizaji.

Inawezekana kusema kwamba Elisi anaikanusha hoja hii. Nchi ya Ajabu, kwa maoni ya wengi, ni nchi isiyo na sheria kabisa, na watoto huipenda kwa fujo yake. J. R. R. Tolkien, katika mhadhara wake wa mwaka 1939 katika Chuo Kikuu cha St Andrews, mhadhara uliofanywa kwa ukumbusho wa Andrew Lang yule yule, alieleza vizuri kwamba mtunzi wa ngano hujenga ulimwengu wa pili, na lisimuliwalo humo ni kweli kwa kufuata kanuni za ulimwengu ule. Lakini akakiondoa kitabu cha Carroll katika jamii ya ngano za kweli, kwa kuwa maajabu yake huishia kuwa ndoto. Maneno ya Tolkien juu ya kanuni ni ya haki. Hukumu yake juu ya Elisi yahitaji kutazamwa tena.

Mwandishi wa Elisi hakuwa mtu wa fujo. Jina lake la kuzaliwa ni Charles Dodgson, naye alikuwa mwalimu wa hesabu katika Christ Church, Oxford. Tarehe 4 Julai 1862 alipiga makasia katika mto Thames pamoja na rafiki yake Robinson Duckworth na watoto watatu wa kike wa Liddell, akawasimulia hadithi njiani. Mmoja wao, Alice, akamwomba aiandike. Muswada wa mkono aliompa mwaka 1864 ni mfupi sana kuliko kitabu cha mwaka 1865. Na yafaa kuangalia aliongeza nini. Karamu ya chai haikuwamo katika muswada. Kesi ya mahakamani ilikuwa fupi. Katika kitabu ikakuzwa kuwa sura mbili. Yaani Carroll aliporudi juu ya kazi yake, mengi aliyoyazidisha ni yale yenye kuhusu kanuni: kanuni za saa, kanuni za maneno, na kanuni za hukumu.

Karamu ya chai yaonekana kuwa wazimu mtupu, lakini ina sababu yake. Mtengeneza kofia amegombana na Wakati, na Wakati umekataa kumtumikia; kwa hiyo saa zimesimama kwenye kumi na mbili za jioni, saa ya chai, na wenye karamu, wasipopata nafasi ya kuosha vikombe, huhama kiti hata kiti. Mwenye kuikubali sababu hana budi kukubali tokeo. Kadhalika mwili wa Elisi hukua na kupungua kwa kula na kunywa, na hapo mwanzo jambo hilo lamtesa: apungua na huku ufunguo ameusahau juu ya meza. Lakini apata uyoga ambao upande mmoja hurefusha na upande wa pili hufupisha, akajifunza kupima. Arudipo kwenye ule ukumbi wa kwanza, kwanza atwaa ufunguo na kufungua mlango, ndipo amegapo uyoga. Msomaji mtu mzima aweza kuupita mstari ule bila kuuona. Mtoto hauachi umpite, kwa kuwa tangu sura ya kwanza alikuwa akimwonea Elisi uchungu kwa kosa lile la ufunguo.

Kilele cha kitabu ni mahakama. Hapo nchi yenyewe yajaribiwa. Elisi, ambaye ameanza kurefuka tena bila kula kitu, ameitwa kutoa ushahidi. Mfalme, aliye hakimu, aandika jambo kitabuni mwake, kisha asoma kanuni ya 42, kwamba kila mtu mwenye urefu wa kupita maili moja na aondoke barazani. Elisi akana kuwa na urefu huo, akadai tena kwamba kanuni ile si kanuni, imetungwa sasa hivi. Mfalme ajibu kwamba ndiyo kanuni ya zamani kuliko zote kitabuni. Basi Elisi amwambia kwamba kama ni hivyo ingalikuwa ya kwanza. Mfalme abadilika rangi, akafunga kitabu. Baada ya hapo Malkia wa kopa ataka adhabu itamkwe kabla wazee wa baraza hawajatoa uamuzi, na Elisi akaikataa mahakama nzima, akaiita karata tu; zikaruka juu yake, akaamka.

Katika fasihi ya watoto ya ulimwengu ni shida kupata mahali panapoonyesha wazi zaidi hoja inayotetewa hapa. Mtoto amesimama mbele ya mkubwa mwenye taji, mwenye kitabu cha sheria mkononi, na amemshika kwa sheria yake mwenyewe. Hakumshinda kwa nguvu wala kwa uchawi. Amemshinda kwa hesabu ya moja. Na ndoto, aliyoilaumu Tolkien, haikuja hapo kuomba radhi kwa maajabu. Nchi ile imevunjika kwa sababu mfalme wake ameghushi kanuni, na mtoto ameiona ghushi hiyo na kuitaja kwa jina. Nchi ya ajabu isiyoheshimu sheria yake hurudi kuwa kile ilichokuwa, nacho ni karata. Mchezo wa maneno wa Kiingereza ulipotea njiani kwenda Kiswahili, hapana budi. Jibu juu ya kanuni ya 42 halipotei, kwa maana kila lugha ina namba ya kwanza, na kila nchi ina mkubwa apendaye kusema kwamba sheria aliyoitunga leo ni ya kale.

Kitabu cha Carlo Collodi juu ya Pinocchio, mtoto wa mti, chaonyesha kwamba wasomaji wadogo huweza kumhukumu hata mwandishi. Kilianza kutoka kidogo kidogo mwaka 1881 katika Giornale per i bambini, gazeti la watoto la Italia. Katika sura ya 15 Collodi alimtundika Pinocchio juu ya mti mkubwa, akaachia hapo. Kwa mtu wa mafunzo, mwisho ule ulikuwa kamili: mtoto mtukutu amelipwa. Lakini wasomaji hawakuridhika. Hadithi ikatakiwa iendelee, na Collodi akaiendeleza hata mwaka 1883, ilipokuwa kitabu. Wasomaji wale hawakumwonea Pinocchio huruma tu. Kipande cha mti kilichosema na kulia hata kabla ya kuchongwa kilikuwa kimeahidi jambo kubwa zaidi ya kufa. Mwandishi alikuwa amesahau ahadi ya hadithi yake, na wasomaji wakamkumbusha. Mwisho wa pili, ambapo Pinocchio awa mwanadamu kwa kumtumikia baba yake kwa jasho, ni mwisho wenye mafunzo pia, tena mengi. Tofauti ni kwamba huu unalipa deni lililowekwa na sura ya kwanza.

Katika kitabu hicho hicho yumo nyenje asemaye, ambaye kazi yake ni kutoa nasaha. Katika sura ya 4 Pinocchio amtupia nyundo, akamwua. Hapana budi Collodi alijua alifanyalo. Nasaha tupu hupigwa nyundo. Lakini pua inayorefuka kwa uongo haikupigwa nyundo na mtu yeyote. Pua ile yarefuka kwa uongo mara chache tu katika kitabu kizima. Hata hivyo watoto wa dunia wameifanya kuwa kanuni isiyo na kasoro, wakaishika kwa ukali kuliko mwandishi. Wameiacha nasaha wakaitwaa sheria, ingawa zote mbili zilikuwa zikisema jambo moja.

Msomaji wa Kiswahili ataona upesi kwamba Shaaban Robert alisimama kwenye njia panda hii. Adili na Nduguze, kilichotoka mwaka 1952 na kusomwa mashuleni Afrika Mashariki, chafanana na hadithi moja ya Alfu Lela Ulela juu ya liwali wa Basra na ndugu zake wawili waliogeuzwa mbwa. Shaaban Robert amewafanya manyani. Majina ya watu wake yametangaza mafunzo tangu mlangoni: Adili ni mwadilifu, Hasidi ni hasidi, Mwivu ni mwenye wivu. Kama kitabu kingalikuwa na majina hayo tu, kingalikuwa na umri wa mashairi ya Watts. Kinachokiokoa ni amri ya Huria, binti wa jini. Kila usiku Adili hana budi kuwapiga kwa mjeledi manyani wawili ambao ni nduguze, naye hawapigi kwa furaha. Mkono wapiga, moyo wahurumia. Sheria ile inawaadhibu wakosaji, na wakati ule ule inamwadhibu asiye na kosa kwa kumfanya awe mwenye kuadhibu. Mtoto akisoma habari za chumba kile cha usiku hapati jibu jepesi. Huuliza kama amri ni ya haki, na kama Adili afanya vema kuitii. Hapo amekwisha kuvuka majina, ameingia katika hukumu. Na kitabu kilichodhaniwa kuwa cha mafunzo tu kimepata uhai ambao fundisho peke yake lisingaliweza kukipa.

Pingamizi moja kubwa haifai kupitwa kimya. Huenda ikasemwa kwamba Elisi na wenzake walienea kwa nguvu ya dola, si kwa sheria ya ajabu. Kwamba tafsiri ya mwaka 1940 ilikuja na wakati wa ukoloni, na mtoto wa shule hakuulizwa kama ataka Elisi au hamtaki. Kuna ukweli hapo. Dola yaweza kukiweka kitabu juu ya dawati. Lakini haiwezi kumfanya mtoto akichukue kitabu hicho nyumbani, wala kumfanya mtu azima akitafsiri upya miaka 75 baadaye, dola ile ikiwa imekwisha kuondoka. Tena paa hakuwa na dola nyuma yake alipokwenda London. Alikwenda mikononi mwa wenye nguvu, bila kuulizwa yeye wala waliomsimulia. Lakini alipofika alipendwa kwa ajili yake mwenyewe. Ikiwa hadithi ya wenye nguvu na hadithi ya wasio na nguvu zimedumu zote mbili, sababu ya kudumu haiwezi kuwa nguvu.

Pingamizi nyingine ni ya kale zaidi, nayo ni kwamba hadithi hizi ni uongo, na uongo haumfai mtoto. Wasimulizi wa pwani na bara waliijibu zamani kwa desturi yao. Msimulizi husema paukwa, na watoto huitika pakawa. Na mahali pengine watoto wenyewe huiita hadithi ije pamoja na uongo wake, na utamu wake ukolee. Uongo ulioitwa kwa jina lake na wanaousikiliza haumdanganyi mtu. Ni mapatano. Msimulizi amepewa ruhusa ya kusema lisilokuwa, kwa sharti la kulishika alisemalo hata mwisho. Desturi hiyo yaonyesha kwamba waliolea watoto kwa ngano walijua jambo ambalo wakosoaji wamelieleza kwa maneno mengi baadaye: kwamba hadithi ya ajabu ni mkataba, na upande wa pili wa mkataba ni watoto.

Yakiwa ndiyo hayo, kuna hasara katika mambo mawili yafanywayo kwa nia njema. La kwanza ni kuzilainisha hadithi. Msimulizi mwenye huruma aweza kumfufua paa, akamtia bwana wake toba, akawarudishia wote nyumba yao. Mtoto atakuwa amepewa furaha ya dakika moja na kunyang'anywa haki yake ya kuhukumu. Naye atajua, ingawa hatasema, kwamba amechukuliwa kuwa mjinga. La pili ni lile swali la darasani la kuuliza fundisho. Swali lenyewe si baya, bali huja mapema mno, na likija mapema huifanya hadithi kuwa ganda la kutupwa, tunda likiisha kutolewa. Mengine yaja mbele yake. Sheria ya nchi hii ni ipi? Nani aliijua, na nani aliivunja? Je, msimulizi mwenyewe ameishika? Mwanafunzi awezaye kujibu hayo hatahitaji kuambiwa fundisho; na asiyeweza kuyajibu, fundisho aliloandika daftarini ni la mwalimu, si lake. Mkosoaji naye, akitaka kujua kama hadithi mpya ya watoto itaishi, hana kipimo bora.

Elisi na maskini wa jaani wote wawili huishia kwa kuamka. Elisi aamka ukingoni mwa mto, kichwa kikiwa pajani mwa dada yake, akaambiwa aende akanywe chai. Maskini aamka na majivu mikononi. Mmoja aliona sheria ikivunjwa na mkubwa, akasema. Mwingine aliivunja yeye, na mkewe aliposema hakusikia. Katika nchi mbili zisizojuana, wasimulizi wawili waliwapa watoto hukumu moja, wala hawakuitamka.